Kesi tuliyokwisha kushinda

Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,

Nakusalimu kwa heshima ya cheo chako, ingawa inanitoka kwa shida tangu niliposomewa barazani, katika shauri la kibanja cha marehemu baba, kanuni ya 20 ya Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963: mwanamke aweza kutumia ardhi ya ukoo, kuiuza hawezi. Kibanja kimekwenda kwa wanaume wa ukoo. Siombi unirudishie. Nakuandikia kuhusu karatasi iliyosomwa.

Karatasi hiyo ilishashindwa mahakamani, tena kwa kesi ya hukuhuku Muleba. Holaria Pastory aliuza mwaka 1988, kwa shilingi 300,000, shamba aliloachiwa na baba yake. Bernardo Ephraim wa ukoo wake akashtaki Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akashinda kwa kanuni ileile. Mahakama ya Wilaya ikapindua, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kuwa kanuni hiyo haiwezi kusimama mbele ya haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mwanamke arithi na auze sawa na mwanamume. Hukumu ikaenda kufundishwa vyuoni. Kanuni ikabaki ilipoandikwa, haikukatwa hata mstari. Ndiyo maana kila binti wa Kihaya analazimika kuishinda upya kesi ya Holaria, kwa nauli yake na miaka yake.

Wanasheria wako watasema kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kilishabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Vizuri sana. Sasa kilichobatilishwa kinangoja nini kitabuni? Wazee wanaokaa kugawa mirathi hawana kabati la hukumu. Wajane wawili wa Shinyanga walipoomba kanuni za Tangazo hilo zifutwe, Mahakama Kuu ilikiri mwaka 2006 kuwa zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikawapa ushindi. Nao wakashinda, basi, kama Holaria. Katika mkoa wetu uliozika waume wengi tangu ukimwi uonekane hapa mwaka 1983, ushindi wa namna hiyo haumlishi mjane.

Wazee wa ukoo wana hoja nzito zaidi: binti akiuza, kibanja kinaangukia kwa wageni, na makaburi yetu yamo humohumo migombani. Siidharau. Lakini kaka zetu wanauza, na mila inauachia ukoo nafasi ya kukomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Akiuza dada ndipo mauzo yanaitwa batili. Mwalusanya hakuuvunja ukoo. Alimpa Ephraim miezi sita akomboe shamba kwa shilingi 300,000 zilezile. Ukoo unaoyapenda makaburi yake basi uyalipie. Wanaotushauri baba zetu waandike wosia wakumbuke kuwa Holaria alikuwa nao.

Futa kanuni hiyo, Mheshimiwa, pamoja na zile zinazowatenga wajane, kwa tangazo la Kiswahili litakalobandikwa kila ofisi ya kijiji, Bukoba hadi Muleba. Kama haiwezekani, tutengee fungu la nauli katika bajeti yako, maana mabinti watakaokwenda kushinda kesi hii tena ni wengi.

Wako,
Binti wa ukoo, Muleba