GURUDUMU LIKICHOMOKA, NANI ATAULIZWA?



Leo twataka kusema juu ya spesa, yaani vile visahani vya chuma au alumini vinavyotiwa kati ya habu na rimu ili gurudumu litokeze nje. Wenye magari huzitaka kwa sababu tairi pana inagusa ndani, au kwa kupenda gari lionekane limepanua miguu. Hatugombani na mtu kwa urembo wa gari lake. Twagombana na kazi ya nusu, kwa maana hatari yake humwangukia dereva, makanga, makanika na abiria.

Hesabu yake ni nyepesi. Toyota nyingi ndogo zina stadi zenye unene wa milimita 12, na kila raundi ya nati husogea milimita 1.5. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike stadi kwa urefu usiopungua unene wake, yaani milimita 12, ambazo ni raundi 8. Ukitia spesa ya milimita 5 juu ya stadi za zamani, umeiba raundi 3 na zaidi. Mkono utahisi nati imekaza, kumbe imeshika ncha tu. Kisha gari hilo lipakie watu Kanyenya-ini na kuteremka kona kwa kona kuelekea Murang'a! Hapo ndipo stadi hukatika.

Dawa yake ni stadi ndefu, nayo ni kazi ya fundi, si ya haraka. Stadi ya zamani isukumwe kwa presi, isigongwe nyundo beringi ikaumia. Mpya iwe na nyuzi zile zile, na meno ya shingoni yalingane na tundu la habu. Ikicheza, isichomelewe, itafutwe nyingine. Kutu isuguliwe, na nati zikazwe kwa kupishana kwa spana ya kipimo. Kwa Toyota hizo kipimo ni yapata nyutoni-mita 100, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Baada ya kilomita 80 hivi zikaguliwe tena. Hata hivyo spesa huzidishia beringi mzigo. Rimu inayofaa gari ni bora kuliko spesa yoyote.

Sasa tajiri husema: "Stadi ni ghali, weka hivyo hivyo." Gurudumu likichomoka, tajiri yuko nyumbani, na dereva ndiye yuko mbele ya askari. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki chataka kila sehemu ya gari iwe katika hali isiyohatarisha watu. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, wala asilazimishwe kurudi mahali pa hatari kabla haijaondolewa.

Mbunge wa Kangema hii hii, marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi alileta kanuni za matatu zilizoanza tarehe 1 Februari 2004. Wengi wakumbuka mikanda na mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Wachache wakumbuka kwamba zilitaka pia dereva na makanga waajiriwe kwa kudumu. Jambo hilo ni la usalama pia, kwa maana mtu wa kibarua cha siku huogopa kukataa gari bovu.

Basi twawaomba hivi. Makanika, usitie spesa juu ya stadi fupi, hata ukiongezwa pesa. Dereva na makanga, kila asubuhi tazameni nati. Mkiona michirizi ya kutu ikitoka kwenye nati, jueni inalegea. Ripoti iandikwe, nakala ije chamani. Mmoja akikataa peke yake atafukuzwa, na mwingine atapewa funguo. Tukikataa sote, tajiri atanunua stadi.