Umeacha kazi, na ufundi uuache?

Kijana mmoja wa hapa Chake Chake, mshikaji wangu kabisa, alinijia juzi uso umekunjamana kama shati la mtumba. Miaka mitatu alikuwa Kariakoo, akitengeneza simu kwa bosi mmoja. Sasa karudi nyumbani, kapata kibanda, meza ipo, bango limeshachorwa. Ghafla bosi kapiga simu: "Wewe si ulisaini? Miaka miwili hufungui duka la simu popote Tanzania!"

Kweli alisaini. Siku ile alikuwa anatafuta kazi, angesaini hata kwamba hataoa!

Tulia kaka, bango usilishushe kwanza. Mambo ya kazi si ya Muungano. Bara wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Zanzibar ina Sheria ya Ajira ya 2005, na hata mikataba kila upande una sheria yake. Lakini usijidanganye kwamba ukishavuka maji karatasi imezama. Itaulizwa umeisaini wapi, na yenyewe inasema ifuate sheria ya upande gani.

Duniani nako hawakubaliani. Sheria ya mikataba ya India ya 1872, ambayo ndiyo iliyozaa hizi zetu za pande zote mbili, kifungu cha 27 kinasema makubaliano ya kumzuia mtu kazi yake halali ni batili, labda awe ameuza biashara pamoja na jina lake. California nao wamekataa tangu mwaka huohuo. Wakenya, kwa sheria yao ya 1932, wanamwachia hakimu apime kama zuio limezidi kiasi.

Mimi kesi ninayoipenda ni ya Uingereza, 1916. Kampuni ya mashine za kunyanyulia mizigo ilitaka mhandisi wake, Saxelby, asiiguse kazi hiyo kwa miaka 7, nchi nzima. Majaji wakakataa: ufundi ulio kichwani na mikononi mwa mtu ni wake, hata kama kaupatia kwako. Bosi anachoweza kulinda ni siri zake na wateja wake. (Mpemba haya hafundishwi, kwenye karafuu anajua vizuri maana ya kuambiwa umuuzie nani.)

Hapo nikamuuliza: "Namba za wateja wa bosi je?"

Kimya. Akainama.

"Ninazo, kaka. Nilizinakili zote."

Lo! Soo lenyewe ndilo hilo! Kufungua kibanda Pemba ni kitu kimoja, kuwapigia wateja wa mwenzio uliowabeba kwenye simu ni kingine, na hapo hata hakimu mpole atakukazia macho. Nikamwambia karatasi ampelekee wakili aisome neno kwa neno, na namba azifute.

Kazifuta mbele yangu, moja moja. Ya mwisho ilikuwa ya mchumba wake, walijuana palepale dukani alipoleta simu iliyovunjika kioo. Hiyo nikamwachia.