Geuza Kiatu Uone Soli

MPAKANI, na Wandera Ochieng

Mwendesha baiskeli wa Busia hukagua tairi kila asubuhi. Huibonyeza kwa kidole gumba, huongeza upepo, hupaka cheni mafuta. Kiatu hakitazami mpaka kidole kichungulie nje. Hapo ndipo ninapobishana naye.

Kabla ya pikipiki kulichukua, jina la bodaboda lilikuwa la baiskeli, na ni mpaka huu wa Busia na Malaba uliolizaa. Abiria wengi wamehamia kwenye pikipiki. Baiskeli imebaki na mizigo, na anayetoka Sigalame na gunia la mihogo kwenye keria hulisukuma lote kwa nyayo mbili.

Raba ya pedali ikiisha, hubaki chuma. Chuma hicho hula soli mahali pamoja, nyuma kidogo ya vidole, huku juu ya kiatu kukiwa bado kunang'aa. Ukianza kukisikia chuma mguuni, umechelewa: nyayo zinakufa ganzi, unahama kukanyagia katikati ya mguu, na goti linalipa deni.

Basi ukienda kwa muuza mitumba, rangi iache. Kikunje kiatu. Kikijikunja katikati kama chapati, kirudishe. Kizuri hukunjika kwenye vidole tu. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi. Njumu za mpira waachie wachezaji, maana meno yake huteleza kwenye pedali. Patipati huchomoka. Kamba ndefu ichomeke ndani, hasa mguu wa kulia uliko mnyororo. Akala, ambazo vijana wanazicheka, nazitetea: soli ya tairi ni ngumu na haiozi kwa mvua, mradi ziwe na mkanda wa kushika kisigino.

Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa ilitoa pedali inayonasa kiatu, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akiitumia. Viatu vya mashindano vina soli isiyopinda hata kidogo. Hapa kwetu vingekuwa balaa. Kwenye foleni ya malori Malaba unashuka na kusukuma kila hatua chache.

Kuna pia wenzetu waliogeuza soli kuwa breki, wakiibana kwenye tairi mteremkoni. Raba za breki ni rahisi kuliko kiatu, na kuliko mguu, sijui tunaokoa nini.

Leo jioni ukiegesha, geuza viatu. Ukiona mtaro, mpelekee fundi abandike kipande cha tairi, tena vyote viwili, ili mguu mmoja usiwe juu kuliko mwingine. Soli ikishatoboka, usimsumbue fundi, nunua vingine. Kisha pitia kwa fundi wa baiskeli uweke pedali zenye raba, la sivyo chuma kilekile kitakula na hivyo vipya.