Miaka 50 ya NIT na Somo la Bedford ya Turiani

Mwaka 2025 Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimetimiza miaka 50. Kilianza mwaka 1975 kikiwa tawi la mafunzo la Shirika la Taifa la Usafirishaji, NTC, kwa ajili ya wafanyakazi wa shirika hilo na kampuni zake tanzu. Sheria Namba 24 ya mwaka 1982 ikakifanya chuo kinachojitegemea. Leo pale Mabibo, Dar es Salaam, wanasoma madereva, mafundi, wasimamizi wa bohari na wataalamu wa usafiri wa anga, na kupitia mradi wa EASTRIP uliogharimiwa na Benki ya Dunia chuo kimefanywa kituo cha umahiri kwa Afrika Mashariki. Shirika lililokizaa halipo tena, chuo kipo. Kwa hilo peke yake kinastahili pongezi, na sisi tunazitoa kwa moyo mweupe.

Katika jubilei kama hii watu huhesabu majengo, mitambo na wahitimu. Sisi tunaomba iwepo nafasi ya kukumbuka shule iliyotangulia chuo hiki. Haikuwa na darasa wala cheti, na mwalimu wake mkuu alikuwa lori dhaifu.

Tunaizungumzia Bedford, hasa ile yenye pua ndefu, aina ya TJ, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Vauxhall ya Uingereza mwaka 1958. Ilikuja kubeba tani tano, nyingine hadi saba, ikiwa na injini ya nguvu farasi zisizozidi sana 100. Ilienea Afrika Mashariki kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu na fundi wa kawaida aliweza kuifungua na kuifunga chini ya mwembe. Lakini haikuwa na nguvu, na kila aliyeiendesha alilijua hilo kabla hajamaliza mlima wa kwanza.

Ukitaka kuelewa maana ya udhaifu huo, nenda Turiani. Mji huu wa wilaya ya Mvomero umekaa chini kabisa ya Milima ya Nguru, yenye vilele vinavyopita mita 2,000. Tambarare imejaa miwa inayokwenda kiwanda cha Mtibwa, mpunga wa Mkindo na misitu ya misaji iliyopandwa. Juu, upande wa Maskati, ndiko zinakotoka ndizi, maharage na iliki. Kwa hiyo dereva wa Turiani alikuwa na mitihani miwili: masika, udongo wa bondeni unaonasa tairi hadi kwenye difu, na kiangazi, mlima. Leo lami imefika kutoka Magole. Wazee walioendesha kabla ya lami wanaikumbuka njia hiyo kwa mabonde yake, kwa mito yake na kwa idadi ya usiku waliolala humo.

Ukikaa nao pale Madizini, Turiani, jioni wakaanza habari za Bedford, kwanza utasikia habari za gia. Gia ilichaguliwa chini, kabla mlima haujaanza. Lori lenye nguvu ndogo likishika mwinuko halimpi mtu muda wa kufikiri: ukipangua gia kwa kuchelewa, mwendo unakwisha katikati ya gia na gia na gari limesimama. Gia ya kwanza nayo haikutaka kulazimishwa. Ulikanyaga klachi, ukaitoa gia, ukaachia klachi, ukakanyaga mafuta kidogo hadi sauti ya injini ilingane na mwendo wa magurudumu, kisha ukakanyaga klachi tena na kuiingiza. Ukikosea, giaboksi inasaga na utingo, mizigo na mlima wote wamekusikia. Sikio la dereva lilifanya kazi ambayo leo inafanywa na kompyuta ndogo chini ya dashibodi.

Halafu watakusimulia habari za kabari. Lori likipanda kwa gia ya kwanza huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kweli utingo alitembea. Alishuka na kabari ya mti mgumu mkononi, akafuatana na tairi la nyuma, macho yakiwa kwenye mpira na masikio kwenye injini. Injini ikianza kukohoa aliinama. Ikizima, kabari imeshaingia nyuma ya tairi kabla breki haijachoka. Dereva hakuhitaji kupiga kelele. Baada ya miaka miwili ya kutembea hivyo, kijana alikuwa amejua mlima mzima kwa miguu: wapi pana kokoto, wapi pana utelezi, wapi kona inabana kuliko inavyoonekana. Siku aliyopewa usukani hakuwa mgeni wa barabara.

Injini ikichemsha palikuwa na adabu yake. Dereva mwenye haraka alifungua mfuniko wa rejeta akaungua mikono, au akamimina maji ya baridi kwenye injini ya moto na silinda hedi ikapasuka, na hapo safari ya siku moja ikageuka ya wiki mbili. Aliyefundishwa vizuri aliegesha kwenye kivuli, akaiacha injini ipoe mpaka kiganja kivumilie kukaa juu ya boneti. Ndipo alipofungua mfuniko kwa kitambaa kinene, akawasha na kumimina maji kidogo kidogo huku injini ikinguruma. Dumu la maji lilikuwa la lazima kama leseni.

Mteremko ulikuwa na sheria moja, na mzee yeyote wa Bedford atakuambia kabla hujamuuliza: shuka kwa gia uliyopandia. Uliupanda mlima kwa gia ya pili, uushuke kwa gia ya pili, na uiache injini ikushikilie. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, na zikipata moto sana hazishiki tena. Kuweka gari nyutro ili kuokoa dizeli ni kuikata injini kutoka kwenye magurudumu na kuziachia breki peke yake uzito wote wa lori na mzigo. Kwenye Bedford hapakuwa na breki ya ziada ya kumwokoa mzembe, kwa hiyo sheria hii haikuwa mapendekezo.

Hatusimulii haya kwa kutamani yarudi. Kibanda kilikuwa na joto na kelele, usukani ulikuwa mzito, na wapo waliokufa kwenye kona zile kwa sababu chuma kilishindwa. Tunasimulia kwa sababu taifa hili lilijengwa na watu waliosoma shule hiyo. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia mnamo Novemba 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini, na mafuta yake yakaanza kupita barabara ya Morogoro yakiwa kwenye mapipa, juu ya malori ya kila aina, enzi ambazo sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa vumbi na tope. Zambia ilianza kupumua pale bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968. Baadaye yakaja ya kwetu: mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata, fedha za kigeni zikaadimika na vipuri navyo vikaadimika. Mwaka 1986 General Motors, aliyekuwa mmiliki wa Vauxhall wakati huo, akaachana na biashara ya malori ya Bedford. Hata hivyo yaliendelea kutembea, kwa springi iliyofuliwa upya na kwa uangalifu wa dereva aliyejua kwamba akivunja kifaa hakuna pa kununua kingine. NIT kilizaliwa katikati ya kipindi hicho. Kiliikuta nchi ikiwa na madereva wenye ujuzi mkubwa usioandikwa popote, kikaanza kuupa mitaala.

Wapo watakaosema hayo yamepitwa na wakati, kwamba malori ya sasa yana nguvu na mlima si tatizo tena. Hesabu inasema vingine. Bedford ya tani saba, ukiongeza uzito wake yenyewe, ilikuwa na tani kama 11 barabarani. Kwa nguvu farasi 100, kila tani ilipata tisa hivi. Chukua sasa Scania ya nguvu farasi 420, aina inayopendwa sana na wasafirishaji wetu, uifungie tela na kuijaza hadi uzito wa juu unaoruhusiwa na sheria, tani 56. Kila tani inapata nguvu farasi saba na nusu. Injini imekuwa kubwa mara nne na zaidi, lakini mzigo umekuwa mkubwa mara tano. Kwa kila tani, dereva wa leo akijaza gari lake ana nguvu ndogo kuliko babu yake aliyekuwa akienda Maskati.

Tofauti ni kwamba dereva wa leo hauoni udhaifu huo. Turbo, gia nyingi na kibanda tulivu vinamficha mlima. Bedford ikizidishiwa mzigo ilikataa kwenye mwinuko wa kwanza, na mfanyabiashara akashusha magunia akitaka asitake. Lori la sasa hupokea kila kitu kimya kimya, kisha gharama inajitokeza baadaye kwenye tairi, kwenye lami na kwenye breki. Ndiyo maana tunahitaji mizani ya barabarani kutuambia jambo ambalo zamani lori lilisema lenyewe. Na ndiyo maana mteremko kama Kitonga, kule Iringa, bado unaogopwa na madereva wa magari yenye ritada, yaani breki ya ziada, na breki za upepo. Tani 56 zikishaanza kukimbia kuteremka, ukubwa wa injini hauna msaada kwa aliyeitoa gia.

Hapa ndipo tunapoona kazi ya NIT kwa nusu karne ya pili. Chuo kina walimu, kina magari na kina heshima ya kusikilizwa na serikali na wasafirishaji. Tunakiomba mambo matatu.

La kwanza, kikusanye ujuzi wa madereva wazee wakiwa hai. Kiwatume wanafunzi wake Turiani, Maskati, Kitonga na Sekenke wakae na wazee, wawarekodi na kuandika walichokijua kuhusu gia, mizigo, miteremko na matengenezo ya njiani. Waliokuwa na miaka 25 mwaka 1970 sasa wana 80. Kila mwaka unaopita unaondoka na baadhi yao, na hakuna kitabu kinachobaki.

La pili, mteremko uwe sehemu ya mtihani wa dereva wa gari kubwa kwa uzito uleule wa gia na usukani. Mwanafunzi apelekwe kwenye mlima halisi, na gari likiwa limepakiwa, si uwanja wa tambarare na lori tupu. Asipoweza kushuka kwa gia bila kuchemsha breki, arudi kujifunza. Mzee wa Bedford asingempa usukani mtu wa namna hiyo.

La tatu, utingo atambuliwe. Kijana anayeshinda miaka kwenye malori anajifunza mengi, na nchi yetu tayari ina utaratibu kupitia VETA wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. NIT kishirikiane na wamiliki wa malori na wakulima wa miwa wa Mtibwa kuwapima vijana hao huko huko waliko, wajaziwe kilichopungua na wapewe njia ya kufikia leseni halali. Wengi hawawezi kuacha kibarua wakapange Dar es Salaam kwa ajili ya kozi. Chuo kikiwafuata, barabara zitapata madereva waliolelewa vizuri.

Kuheshimu jubilei ni kujua umetoka wapi na deni lako liko kwa nani. NIT kinadaiwa na madereva waliofundishwa na Bedford, kwa sababu wao ndio walioifanya kazi ya kuendesha lori kuwa ujuzi. Kinaweza kulipa deni hilo kwa kuufanya ujuzi wao uwe wa kila kijana anayekaa nyuma ya usukani wa tani 56. Tunakitakia chuo miaka mingine 50 ya kazi njema, na tunawatakia madereva wote wa Turiani, wastaafu na walio barabarani leo, heshima wanayostahili.