Usiruke hiyo "-san"

Wanaoanza anime huniuliza waanze na ipi. Mimi nawaambia: anza na masikio. Chukua Naruto, iliyotokana na manga ya Masashi Kishimoto ya mwaka 1999. Sakura humwita mwenzao "Sasuke-kun". Naruto humwita "Sasuke" tu, kavukavu. Hapo ushajua nani anapenda na nani anashindana. Maandishi ya Kiingereza chini ya skrini mara nyingi huyafuta hayo, nasi tunabaki kutazama ngumi tu.

Sisi tuliolelewa na shikamoo hatuna kisingizio. "-San" ni heshima ya kawaida, "-chan" ya kudekeza, "senpai" ni aliyekutangulia shuleni au kazini. Ila usijipe "-san" mwenyewe; ni kama kujiamkia shikamoo.