Wasanii wanazikwa, kazi zao zinaendelea kuvunwa na wengine

Na Mwandishi Wetu, Konde

KATIKA mji mdogo wa Konde, Mkoa wa Kaskazini Pemba, si jambo la ajabu kupita mbele ya duka la simu na kusikia sauti ya mtu ambaye amekwishazikwa. Huenda ikawa sauti ya marehemu Amri Athumani, maarufu kwa jina la King Majuto, akifoka katika kichekesho cha miaka mingi iliyopita. Huenda ikawa sauti ya marehemu Steven Kanumba. Waliokaa barazani hucheka, au hunyamaza kidogo wakamrehemu, kisha huendelea na shughuli zao.

Ndivyo ilivyo kazi ya filamu na televisheni. Mvuvi akifa, ngalawa yake husubiri mtu mwingine wa kuipeleka baharini. Msanii wa filamu akifa, yeye mwenyewe huendelea kufanya kazi usiku na mchana, tena katika miji ambayo pengine hakuwahi kuikanyaga. Swali ambalo makala haya yanakusudia kulitazama ni hili: ujira wa kazi hiyo inayoendelea baada ya mauti unakwenda kwa nani?

Swali hilo si la kinadharia. Katika kipindi cha zaidi ya muongo mmoja, tasnia ya filamu nchini imepata misiba mingi ya watu mashuhuri. Kanumba alifariki dunia Aprili 7, 2012 jijini Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28 tu. Alikuwa ametoka katika kundi la Kaole, akapata umaarufu nje ya mipaka kwa filamu ya Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 iliyowakutanisha wasanii wa Tanzania na Nigeria. Alipoagwa katika viwanja vya Leaders Club, maelfu ya watu walifurika, na miongoni mwa waliofika alikuwapo Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Mohamed Gharib Bilal.

Novemba 26 mwaka huo huo, mchekeshaji Hussein Mkiety, maarufu kama Sharo Milionea, alifariki dunia kwa ajali ya gari wilayani Muheza, Tanga. Mwaka 2013 ulipoanza tu, Januari 2, akafuata Juma Kilowoko, aliyejulikana kwa jina la Sajuki, baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Kisha ukaja mwaka 2014. Ndani ya wiki tatu, tasnia ilipoteza watu wanne. Mei 17 alifariki Adam Kuambiana, mwigizaji na mwongozaji. Siku chache baadaye akafariki mwigizaji Rachel Haule kwa matatizo ya uzazi. Mei 30 ikawa zamu ya George Tyson, mwongozaji wa filamu ya Girlfriend ambayo wadau wengi huihesabu miongoni mwa zile zilizofungua soko la filamu za Kitanzania. Naye alifariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro. Juni 7 akafariki Said Ngamba, yaani Mzee Small, aliyewachekesha Watanzania kwa miongo kadhaa.

King Majuto alifariki Agosti 8, 2018. Mohamed Fungafunga, maarufu kwa jina la Mzee Jengua, alifuata Desemba 2020. Oktoba 2024 aliondoka mchekeshaji mkongwe Yusuf Kaimu, aliyejulikana kama Pembe, na mwanzoni mwa Novemba mwaka huo akafariki Grace Mapunda, ambaye watazamaji wa tamthilia ya Huba walimfahamu kwa jina la Tesa.

Msomaji aliyefuatilia misiba hiyo atakubali kwamba huwa na sura moja. Kamati ya mazishi huundwa, michango hupitishwa, viongozi hufika na kutoa ahadi, na vituo vya televisheni hurudia filamu za marehemu kwa wiki nzima. Arobaini ikipita, familia hubaki na picha ukutani. Filamu nazo huendelea kutazamwa.

Suala hili liliwahi kufika serikalini. Mwaka 2018, King Majuto akiwa mgonjwa na baada ya ugumu wa maisha yake kujulikana, aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mtu ambaye uso wake ulikuwa unatangaza bidhaa, na ambaye kazi zake zilikuwa katika takriban kila nyumba yenye televisheni, alikuwa anahitaji msaada wa matibabu.

Jirani zetu wa Kenya wana kisa kinachofanana na hicho. Benson Wanjau, aliyejulikana Afrika Mashariki nzima kwa jina la Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, alifanya kazi ya kuchekesha kwa miongo mitatu. Uzeeni, wananchi walilazimika kumchangia fedha za matibabu ya macho. Alifariki dunia Julai 12, 2015.

Kwa nini hali huwa hivyo? Jibu rahisi ni kusema kwamba wasanii hawajui kuweka akiba. Jibu hilo si la haki. Chanzo kikubwa ni namna kazi zenyewe zilivyouzwa. Katika miaka ya kustawi kwa filamu za kaseti na DVD, utaratibu uliozoeleka ulikuwa mtayarishaji kumkabidhi msambazaji filamu yake pamoja na haki zote kwa malipo ya mkupuo. Mwigizaji naye alikuwa amelipwa na mtayarishaji mara moja, siku za kurekodi. Baada ya hapo, nakala ziuzwe elfu kumi au laki moja, filamu irudiwe kwenye televisheni mara ishirini au ipandishwe kwenye intaneti, mwigizaji hakuwa na chochote cha kudai.

Ni haki pia kueleza kwamba wasambazaji hawakuwa peke yao katika kosa hilo. Wasanii waliupenda mkupuo kwa sababu nakala za wizi zilikuwa zikiingia mitaani ndani ya siku chache. Mtu anayejua kwamba kesho mali yake itaibiwa, huiuza leo kwa bei yoyote. Msambazaji naye alibeba hasara iwapo filamu haikununuliwa. Kwa maana hiyo, mnunuzi wa nakala ya wizi, awe Kariakoo au Konde, naye alikuwa na mkono wake katika mkataba ule mbovu.

Hapa ndipo wananchi wa Konde wanapoweza kuwafundisha wasanii wa Dar es Salaam. Pemba ni kisiwa cha karafuu. Mwenye mikarafuu asiyekuwa na nguvu ya kuchuma huikodisha kwa msimu. Aliyekodi huchuma, hukausha na kuuza, na faida ni yake. Lakini msimu ukiisha, mkarafuu hurudi kwa mwenyewe, na akifa hurithiwa na watoto wake. Ni nadra kumkuta mtu mwenye akili zake anayeuza mkarafuu wenyewe kwa bei ya mavuno ya mwaka mmoja.

Wasanii wetu walifanya hivyo hasa. Waliuza mti kwa bei ya msimu.

Sheria haikuwalazimisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, hadithi ya filamu iliyoandikwa na mtunzi aliyefariki mwaka 2014 inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2064. Mtoto aliyekuwa mchanga siku ya mazishi ya mzazi wake atakuwa na umri wa miaka 50. Mti huo una misimu mingi ya kuzaa, ilimradi haukuuzwa.

Kwa Konde, hata hivyo, kuna jambo la pili ambalo huzungumzwa kwa nadra. Hakimiliki si miongoni mwa Mambo ya Muungano. Bara ina sheria yake ya mwaka 1999 na chombo chake, COSOTA. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA. Ukaguzi wa filamu nao umegawanyika, Bara ikiwa na Bodi ya Filamu na Zanzibar ikiwa na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni.

Maana yake ni kwamba filamu iliyotengenezwa Sinza na kunakiliwa Pemba inavuka mpaka wa kisheria, ingawa mtazamaji haoni mpaka wowote. Tangu mwaka 2010 umeme unaowasha televisheni za Pemba unapita katika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, mkoa aliotoka King Majuto. Umeme unavuka, na kichekesho kinavuka. Haki ya aliyekichekesha ndiyo inayobaki ng'ambo, hadi pale mtu atakapoifuatilia katika ofisi mbili. Mjane wa msanii, mwenye watoto wa kulea, hana nauli wala wakili wa kazi hiyo.

Jambo la tatu ni mirathi. Mtu akifariki Pemba, warithi hukaa na kuhesabu alichoacha: nyumba, shamba, mikarafuu, ng'ombe, fedha za benki, madeni. Huko Bara hali ni hiyo hiyo mbele ya mahakama. Ni mara chache mno orodha ya namna hiyo kutaja hadithi alizoandika marehemu, filamu alizotayarisha au nyimbo alizotunga, kwa sababu hizo hazionekani kama mali. Ikiwa warithi wenyewe hawaihesabu kuwa mali, si ajabu kwa mwenye duka la kunakili naye kutoihesabu.

Wapo watakaouliza: mwananchi wa Konde afanye nini, iwapo nakala halali haimfikii na mwenye flashi yuko mlangoni? Hoja hiyo ina uzito. Soko halali lisilofika vijijini hualika soko la wizi. Ndiyo maana wajibu hauwezi kutupwa kwa mtazamaji pekee.

Kinachowezekana kufanyika kipo, na hakihitaji miujiza. Kwanza, mikataba ya filamu na tamthilia iwe ya muda maalumu, mithili ya mikarafuu ya kukodi, na itaje kwa maandishi fungu la mwigizaji pale kazi inaporudiwa. Pili, COSOTA na COSOZA zikubaliane namna ambayo usajili uliofanywa upande mmoja utatambuliwa upande wa pili bila usumbufu. Tatu, vyama vya wasanii viwasaidie wanachama kuorodhesha kazi zao wangali hai, ili siku ya mirathi warithi wajue wanachokidai. Nne, vituo vinavyorusha filamu za marehemu kwa nia ya kumuenzi vianze kwa kuuliza warithi wake ni nani.

Ni kweli kwamba kwa kazi nyingi za miaka iliyopita hatua hizi zimechelewa, kwa kuwa mti umekwishauzwa. Lakini tamthilia zinarekodiwa leo, na vijana wanasaini mikataba leo, wengine bila kuisoma. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jioni inapoingia Konde, taa huwashwa na televisheni nazo zikaanza kusema. King Majuto ataingia tena, na watu watacheka tena. Kicheko hicho ni cha halali, kwani alikifanyia kazi maisha yake yote. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba anayechekesha leo, siku atakapoitwa na Mola wake, watoto wake watakuwa na sehemu yao katika mavuno.