Rangi Nyekundu Haimhamishi Mpangaji

Katika mtaa wa Huruma, upande wa Mashariki wa jiji la Nairobi, watoto wengi huijua herufi X kabla ya kukutana nayo katika somo la hesabu. Huiona ukutani, imepakwa kwa rangi nyekundu, na maana yake ni kwamba jengo halifai kukaliwa na watu. Hata hivyo watu hukaa.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa iliponyesha, jengo la ghorofa sita liliporomoka mtaani humo, karibu na mto. Watu wapatao 50 walifariki. Mtoto mchanga aliokolewa baada ya zaidi ya siku tatu, na watu wengine wakatolewa kifusini wangali hai siku ya sita. Ndipo wakuu walipotangaza kwamba jengo lile halikuwa na idhini, na kwamba lilikuwa miongoni mwa yale yaliyopaswa kubomolewa. Tangazo hilo halikunifariji hata chembe. Ajuaye na asitende ana deni kubwa kuliko asiyejua.

Wako wasemao kwamba wapangaji walionywa, kwa hivyo wajilaumu wenyewe. Nami nauliza: mtu wa kibarua, anayelipwa jioni kile alichokitolea jasho mchana, angehamia wapi? Chumba salama kina bei, na chumba cha hatari kina bei yake iliyo nafuu. Palipo na soko la namna hii, usalama huwa bidhaa kama sukari. Asiye na fedha huukosa. Mwenye nyumba naye huhesabu ghorofa kwa kodi itakayoingia, wala si kwa uzito utakaobebwa na msingi.

Tazameni Kaloleni, si mbali na hapo. Nyumba zake zilijengwa miaka ya 1940, za chini, zenye nafasi baina yake na ukumbi wa jamii katikati. Simsifu mkoloni, aliyempangia Mwafrika mahali pa kulala kama alivyompangia mahali pa kufanya kazi. Nasema tu kwamba hata mtawala yule alihesabu nyumba ya mfanyakazi kuwa jukumu lake. Sisi, tuliojiandikia Katiba mwaka 2010 na kutia katika Kifungu cha 43 haki ya kila mtu kupata makao ya kufaa, tumemwachia jukumu hilo mwenye ploti.

Sheria, basi, tunayo. Kinachokosekana ni hasara kwa yule anayeivunja. Rangi nyekundu haimpunguzii mwenye jengo hata shilingi moja. Mwisho wa mwezi kodi huja pale pale, na mkaguzi aliyeshika brashi huwa ameshamaliza kazi yake. Kubomoa bila kuwaonyesha wakazi pa kwenda nako ni kuwatupa nje mvuani.

Pendekezo langu ni dogo. Siku alama inapopakwa, kodi ya jengo hilo na ikome kisheria, na mpangaji aitumie fedha hiyo kutafutia pengine. Chini ya alama yaandikwe majina mawili: la mwenye jengo na la afisa aliyelikagua. Nashuku kwamba alama nyingi zingeanza kutekelezwa kabla ya mwezi kwisha.